Jinsi ya kuwasilisha malalamiko ya unyanyasaji au ubaguzi kazini, ukiwa mfanyakazi wa chuo kikuu Nairobi

Mtu akija kuniuliza afanye nini na mkubwa anayemsumbua, nami humuuliza: umeandika wapi? Mara nyingi hajaandika popote. Amemweleza dadake, amemnong'onezea mwenzake wa ofisi ya pili wakinywa chai ya saa nne, ameomba Mungu. Nimekaa kwenye ofisi za vyuo miaka mingi, baadhi yake nikiwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na malalamiko mengi niliyoyaona yakianguka yaliangushwa na karatasi: tarehe haikuwepo, au barua ilipelekwa na hakuna aliyekubali kwamba aliipokea.

Haya yanamhusu karani, fundi wa maabara, mpishi wa mesi, mhadhiri, na hasa mhadhiri wa muda, ambaye kazi yake ya muhula ujao iko mikononi mwa mkuu wa idara yuleyule anayemtumia ujumbe saa tano usiku. Mlinzi au mfagiaji aliyeletwa na kampuni ya nje apeleke barua mbili, moja kwa kampuni na moja kwa chuo, la sivyo kila upande utamwelekeza kwa mwingine.

Jua sheria inasema nini

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inahesabu kama unyanyasaji wa kingono kuombwa mapenzi kwa ahadi ya upendeleo au kwa tishio, maneno ya kingono ya mdomo au ya maandishi, picha za aina hiyo, na kushikwashikwa usikotaka. Kosa linaweza kuwa la mwajiri, la anayemwakilisha, au la mfanyakazi mwenzako. Usidanganywe kwamba mpaka uguswe.

Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi wa jinsia, kabila, dini, ulemavu, ujauzito, hali ya virusi vya Ukimwi na mengineyo, tangu wakati wa kuajiri hadi kuachisha kazi. Wengi hawajui kwamba kesi ikifika mahakamani, sheria inamtwika mwajiri mzigo wa kuonyesha kwamba hakubagua. Hata hivyo usiende mikono mitupu. Ukinyimwa madarasa baada ya kurudi likizo ya uzazi, beba ratiba ya muhula uliopita na ya muhula huu, uonyeshe yaliyokuwa masomo yako yamepewa nani.

Tena, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, na awafahamishe watu wake. Sera hiyo lazima ieleze lalamiko linapelekwa wapi, na iahidi kutotaja jina la mlalamikaji ila pale uchunguzi au adhabu inapolazimu. Iombe idara ya wafanyakazi leo, kabla hujapata shida. Kuiomba peke yake ni kinga ya aina fulani: mkubwa anayejua ofisi nzima imeisoma hujichunga.

Andika, kisha uhifadhi

Chukua daftari la kawaida, lile la shule. Kila tukio liandike siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Linganisha sentensi hizi. "Bosi amekuwa akinisumbua kwa muda mrefu na hana heshima." Hiyo haisaidii kamati. "Jumanne tarehe 4 Machi, saa kumi na nusu jioni, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa, aliniambia mkataba wangu hautasainiwa nisipokubali tuonane Ijumaa. Mhudumu wa chai aliniona nikitoka nikilia." Sasa kamati ina mlango wa kuuliza na mhudumu wa kuita.

Ujumbe wa simu usiufute hata kama unakutia kichefuchefu. Picha ya skrini ionyeshe nambari, tarehe na mazungumzo ya juu na ya chini yake, kwa maana iliyokatwa itaambiwa imetungwa. Na simu yenyewe usiiuze. Nakala moja itoke nje ya kompyuta ya kazi, kwa sababu barua pepe ya chuo inaweza kufungwa siku unayosimamishwa.

Kama hali inaruhusu na huogopi kudhurika, mjibu mara moja kwa maandishi: "Tafadhali usinitumie ujumbe wa aina hii tena." Si lazima, ila ina uzito, nitaeleza kwa nini tukifika kwa polisi.

Peleka barua

Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Weka jina lako, cheo, idara, jina la unayemlalamikia, matukio kwa mfuatano wa tarehe, mashahidi, orodha ya viambatisho, na unachotaka kifanyike. Hicho cha mwisho husahaulika sana. Unataka asiwe msimamizi wako? Unataka mkataba wako uamuliwe na mtu mwingine? Sema.

Ielekeze kwa ofisi inayotajwa kwenye sera. Kama mlalamikiwa ndiye mkuu wa ofisi hiyo, mwandikie aliye juu yake, hata ikiwa ni naibu chansela au baraza la chuo.

Chapisha nakala tatu. Karani atakuambia, "Wacha tu hapo, mkubwa ataiona." Usiache. Subiri agonge muhuri wa kupokelewa na kutia tarehe kwenye nakala yako. Akikataa, itume kwa barua pepe papo hapo ukiwa umesimama pale, ukitaja saa uliyofika na kwamba muhuri umekataliwa. Nakala nyingine mpe mwakilishi wa chama chako, iwe UASU kwa wahadhiri, KUSU kwa makarani na mafundi, au KUDHEIHA kwa wapishi na wahudumu. Ukiitwa kuhojiwa, omba kwenda naye.

Baada ya hapo mara nyingine huja barua ya kukutaka ujieleze kwa kosa usilolijua, la kuchelewa mwaka juzi. Ijibu ndani ya muda uliopewa na uambatishe ile nakala yenye muhuri. Kumfuta mtu kazi kwa sababu amemlalamikia mwajiri hakuhesabiwi kuwa sababu ya haki, isipokuwa lalamiko lionyeshwe kuwa halina msingi. Tarehe ya muhuri ndiyo itakayoonyesha kipi kilitangulia.

Ukiwa umeshambuliwa

Hapa barua ingoje. Nenda hospitali kwanza, kabla ya kuoga: Kenyatta, au kituo cha waathiriwa cha Nairobi Women's. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki, kwa kuwa plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Nambari 1195 ni ya bure na hupokelewa usiku na mchana.

Kituo cha polisi uliza dawati la jinsia. Hakikisha umepewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, iandike mwenyewe, na uombe fomu ya P3, ile ambayo daktari hujaza majeraha yako, ambayo haiuzwi.

Polisi si wa ubakaji pekee. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamlenga mwenye mamlaka au ofisi ya umma anayezidi kumwandama mtu kimapenzi akijua, au akipaswa kujua, kwamba hatakiwi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Ndiyo maana nikasema umjibu kwa maandishi: hawezi tena kudai hakujua.

Chuo kikinyamaza

Afisa wa kazi wa serikali hupokea malalamiko bila malipo. Ukiwa umefutwa, mfikie ndani ya miezi 3. Ubaguzi wa jinsia au ulemavu upeleke pia kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Wa kabila, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Chuo cha umma kilichokalia faili yako kinaweza kushtakiwa kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko Milimani, na muda wa kufungua kesi kwa kawaida ni miaka 3. Usihesabu kwamba saa imesimama kwa sababu kamati ya chuo "bado inakaa". Asiye na wakili ajaribu FIDA, chama cha mawakili wanawake, au Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria.

Jambo moja hutokea baada ya uamuzi. Kamati inakubaliana nawe, kisha wiki mbili baadaye barua ya uhamisho inatoka ikiwa na jina lako badala ya la uliyemlalamikia, na maneno matamu kuhusu usalama wako. Ijibu siku hiyohiyo: taja uamuzi na tarehe yake, sema hukuomba kuhamishwa, uliza kwa nini asihamishwe yeye. Halafu rudi kwa yule karani wa muhuri.