Vikandamizio vya kioo vya kale vya Marekani: geuza kwanza, tazama baadaye

Kikandamizio cha karatasi ni donge la kioo linalojaa kiganjani, na ndani yake limezamishwa ua, tunda au vipande vya rangi. Anayeanza huvutwa na ua. Mzoefu hukipindua kwanza, kwa sababu waigaji huhangaika na ua na kukisahau kitako.

Jua kwanza unatafuta kipi, maana "vya Marekani" ni jina pana mno. Vya zamani kabisa vinatoka Massachusetts, kuanzia miaka ya 1850. New England Glass Company ya Cambridge ilitengeneza matunda madogo yaliyopangwa juu ya kitanda cha nyuzi nyeupe zilizosokotwa, milefiori (vipande vilivyokatwa kutoka kwenye fimbo za rangi na kupangwa kama maua), na tofaa na mapea yaliyopulizwa, kila tunda likiwa limegandishwa kwenye kitako bapa cha duara kisicho na rangi. Ukikagua milefiori za kiwanda hiki kwa lenzi, mara nyingine utakuta kivuli cha sungura anayekimbia ndani ya kipande kimoja. Boston & Sandwich Glass Company ya mji wa Sandwich inajulikana zaidi kwa ua la poinsetia, na jina linalotajwa sana hapo ni Nicholas Lutz, fundi mzaliwa wa Ufaransa. Viwanda vyote viwili vilisitisha kazi katika miji hiyo mwaka 1888.

Mtego mmoja wa hapo: vipo vikandamizio vyenye tarakimu 1825 ndani ya milefiori. Huo si mwaka vilipotengenezwa. Ufundi huu ulichipuka Ulaya miaka ya 1840, na tarakimu nyingine inayoonekana katika kazi za Massachusetts ni 1852. Muuzaji akikuuzia "cha mwaka 1825", ama hajui ama anakupima.

Kundi la pili ni la Millville, New Jersey, mwanzoni mwa karne ya 20. Mafundi wa Whitall Tatum, kiwanda kilichoishi kwa kutengeneza chupa na vyombo vya maabara, walifanya vikandamizio kwa wakati wao wenyewe. Waridi la Ralph Barber ndilo linalosakwa zaidi. Petali zake hazikuundwa moja moja: chuma chenye umbo la waridi kilisukumwa kutoka chini, kikaipandisha rangi ndani ya kioo cha moto, ndiyo maana ua limesimama wima. Ugumu ulikuwa katika kupata rangi inayosinyaa sawasawa na kioo kinachoizunguka. Rangi na kioo vikipishana katika kusinyaa, mpasuko hutokea kikandamizio kikipoa, na pengine baadaye sana. Kwa hiyo kila waridi la Millville likague kuzunguka shina na chini ya petali kabla ya kuuliza bei.

Baada ya hapo kuna Charles Kaziun wa Massachusetts (1919–1992), aliyetia herufi K kwenye kazi zake, mara nyingi kwa dhahabu. Na Paul Stankard wa New Jersey, aliyetumia herufi S. Kwa mfuko mdogo, anzia kwa akina St. Clair wa Elwood, Indiana: maua manene ya kengele, mengi yakiwa na muhuri wa jina kitakoni. Hayana makuu, lakini yanafundisha mkono uzito na umbo.

Vifaa vya kubeba ni vichache: lenzi ya mkono ya mara 10, tochi ndogo yenye mwanga mweupe, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo na kimo), na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja. Tandaza taulo mezani kabla ya kushika chochote. Pete na saa weka mfukoni.

Sasa kitako. Fundi alikishikilia kikandamizio kwa fimbo ya chuma, na fimbo ilipokatwa iliacha kovu. Katika kazi nzuri za zamani kovu hilo limesagwa likawa mbonyeo laini, na kikandamizio hukaa juu ya ukingo mwembamba wa duara. Miaka mingi ya kusogezwa mezani huacha mikwaruzo kwenye ukingo huo tu: mifupi, ya kina tofauti, inayokatana kila upande. Mikwaruzo ikilala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, huo ni msasa. Na mikwaruzo ikiwa ndani ya mbonyeo, mahali pasipogusa meza, mtu ameiweka kwa makusudi. Kitako kikiwa kimebandikwa kitambaa, omba kibanduliwe. Muuzaji akikataa, acha.

Kisha kishike usawa wa macho, ukizungushe taratibu ukiangalia kuba lake kwa ubavu. Kuba linapaswa kupanda kwa mkunjo mmoja usiokatika. Ukiona bapa mahali fulani, au kiuno kidogo juu ya kitako, kimesagwa na kung'arishwa upya ili kuondoa mapengo. Si dhambi kusagwa. Vingi vimepitia hapo, na kazi ikifanywa vizuri hurudisha uhai wa kioo. Tatizo ni kiasi kilichoondolewa. Kuba ndilo linalolikuza ua: likipungua, ua huonekana dogo na hukaribia mno uso wa kioo. Umbali kati ya ncha ya petali na ukingo ukiwa wa milimita chache tu upande mmoja, na mwingi upande wa pili, bei ishuke.

Usikimbie kila kasoro ya ndani, hata hivyo. Kazi za Massachusetts si nadhifu kama za Ufaransa. Kitanda cha nyuzi kilichovutwa upande na ua lililokaa nje ya kati kidogo ni mambo ya kawaida. Kwenye poinsetia za Sandwich viputo vidogo vya hewa juu ya petali viliwekwa kwa makusudi kama umande. Cha kuogopa ni mstari unaong'aa kama kioo kidogo cha kujitazamia ukiumulika kwa tochi kutoka ubavuni: huo ni mpasuko. Alama ya umbo la mwezi mchanga chini kidogo ya uso ni jeraha la kugongwa. La kina cha milimita moja huondoka kwa kusagwa. La kina cha milimita tano likiondoka huenda na nusu ya kuba.

Kipimo kinachochuja kuliko macho ni cha maji. Kioo chenye madini ya risasi, kama kile cha viwanda vya Massachusetts, kina uzito wa takriban gramu 3 au zaidi kwa kila sentimita ya ujazo. Kioo cha kawaida cha soda na chokaa kiko karibu na 2.5. Fanya hivi:

1. Pima kikandamizio kikiwa kikavu. Tuseme gramu 400.
2. Weka bakuli la maji yenye joto la chumba juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri.
3. Kitie kikandamizio kwenye wavu mwembamba wa nailoni, ukizamishe chote huku umeshika uzi, kisiguse chini wala pembeni.
4. Soma mizani. Tuseme gramu 131. Gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo huo ndio ujazo wake.
5. Gawa: 400 kwa 131 ni 3.05. Hiki kina risasi. Cha soda chenye ujazo uleule kingekuwa na gramu 327 hivi.

Majibu yanaharibika kikigusa chini (mizani itasoma zaidi, nawe utadhani kioo ni chepesi), viputo vikinasa kwenye wavu, au kikandamizio kikiwa kidogo, chini ya sentimita 5, ambapo mizani ya gramu moja haitoshi. Tofaa lililopulizwa usilipime hivi: lina hewa ndani, litakupa namba isiyo na maana. Na kumbuka namba haikupi jina la kiwanda. Kazi za Ufaransa nazo zina risasi. Inachofanya ni kuziondoa mezani nakala za Uchina za miaka ya 1930, zilizoiga vya Marekani na Ufaransa kwa kioo chepesi kinachoteleza kama kimepakwa mafuta, mara nyingi chenye umanjano.

Vile bapa vya matangazo ya biashara, vyenye picha ya karatasi mgongoni, visiguswe na maji kabisa. Unyevu ukipenya, picha huota madoa na haisafishiki. Tofauti na hivyo ni vya kubonyezwa kwenye kalibu, kama kumbukumbu ambazo Gillinder & Sons walizitengeneza kwa maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876: vina maandishi ya kiwanda, na humo kagua zaidi kona na pua za sanamu, ndizo zinazomeguka.

Mnadani, omba maelezo ya hali kwa maandishi, na picha ya kitako na ya ubavu. Ada ya mnunuzi inaweza kufika robo ya bei ya nyundo (bei ya mwisho inayotajwa mnadani) au zaidi. Itoe kwenye kikomo chako kabla hujainua mkono. Andika siku hiyohiyo kipenyo, kimo, uzito, namba ya maji na jina la muuzaji. Namba ya kumbukumbu iandike kwenye karatasi inayokaa chini ya kikandamizio, si kwenye kioo.

Kifurushi kikifika wakati wa baridi, kiache ndani ya nyumba bila kukifungua hadi kesho yake. Kioo kinene hupata joto nje kabla ya ndani, na tofauti hiyo huweza kukipasua. Kwa sababu hiyohiyo osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini tu, kwenye beseni lililotandikwa taulo. Mashine ya kuosha vyombo ni marufuku. Rafu iwe mbali na taa zenye joto na mbali kabisa na dirisha lenye jua: kuba hukusanya miale kama lenzi, na linaweza kuunguza mbao, kitambaa, au zile karatasi lililowekwa kuzilinda.