Upasuaji wa Latarjet kwa bega linaloteguka mara kwa mara

Mgonjwa ninayemkumbuka ninapowaandikia madaktari wenzangu ni mvuvi wa Likoni ambaye bega lake lilianza kuteguka akirusha wavu, kisha likawa linateguka hata akijigeuza kitandani. Bega likifikia hatua ya kuteguka usingizini, shuku mfupa kabla ya kulaumu kano.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Eksirei haitoshi, agiza skani ya CT, na kichwa cha mfupa wa mkono kiondolewe pichani ili bakuli la bega lionekane wazi. Chora duara linalolingana na sehemu ya chini ya bakuli, kisha pima pengo la mbele: kipenyo kikiwa milimita 25 na pengo milimita 5, mfupa umelika kwa asilimia 20, na hapo kushona kano peke yake mara nyingi hakufui dafu; ndipo unapofaa upasuaji wa Latarjet, yaani kuhamisha kipande cha mfupa kuziba pengo hilo.

Mgonjwa akishalala nusu ameketi, ingia kati ya misuli ya deltoidi (ya bega) na pektorali kubwa (ya kifua). Mfaransa Michel Latarjet alieleza mwaka 1954 namna ya kuhamisha korakoidi, ncha ya mfupa wa bega iliyojitokeza mbele: tenganisha pektorali ndogo, kata mfupa penye kipindo chake upate kipande cha sentimita 2 hadi 3 kikiwa bado na kano zake, kisha toboa matundu mawili kwa keekee. Usikivute kwa nguvu, maana neva inayolisha misuli ya mbele ya mkono hupita karibu.

Subskapulari, msuli unaofunika kiungo kwa mbele, ipasuliwe kwa kufuata nyuzi zake, theluthi mbili juu na moja chini. Kuikata kabisa ni kumdhoofisha mgonjwa bure.

Sasa ndipo penye kazi yenyewe. Laza kipande chini ya mstari wa kati wa bakuli, kwenye mfupa uliokwanguliwa hadi ukatoa damu, na kabla ya kukaza skrubu ya pili pitisha ncha ya kidole kutoka kwenye gegedu hadi kwenye kipande, kama fundi wa milango wa Mji wa Kale anavyopapasa maungio ya ubao. Kidole kikikwaa, kipande kimechomoza na kitakisaga kiungo. Kipande kikiwa kimezama mno ndani, bega litateguka tena.

Mkono uning'inizwe kwa wiki chache. Kurusha wavu kungoje miezi kadhaa, hadi picha ionyeshe kwamba mfupa umeunga, ingawa kaskazi haimngoji mtu. Kushona nyavu akiwa ameketi nilimruhusu mapema.