Kutuma slaidi za picha zenye muziki kwa imeili, na muziki ufike

Wadau habari za sa hizi. Naandika hii kwa sababu kila mara napata mtu analalamika kitu kilekile, katengeneza slaidi za shughuli kwa PowerPoint (programu ya kompyuta ya kupanga slaidi) akawatumia ndugu walioko nje, picha wameziona ila muziki hamna, au imeili imegoma kwenda kabisa. Mimi nina steshenari, kazi za harusi na arobaini nazifanya sana, na ilishanikuta. Mteja alikuwa na arobaini ya mama yake, tukapanga picha za marehemu toka ujana wake, na nyuma qaswida aliyoipenda, kwangu inasikika vizuri kabisa, kufika Muscat kwa dada wa marehemu kimya, na yule mama alishakusanya watoto wote sebuleni. Iliniuma sana. Toka siku hiyo nafanya hivi.

Hatua ya 1: piga hesabu kwanza
Wimbo wa dakika 4 ni sekunde 240, kwaiyo picha 60 za sekunde 4 kila moja zinaisha na wimbo pamoja. Ukijaza picha 120 nusu nzima muziki utakuwa unajirudia. Chagua zinazobeba kitu, picha tano za keki ileile bakisha moja.

Hatua ya 2: muziki uwe MP3
WAV (faili la sauti isiyobanwa) inakula kama MB 10 kwa dakika, MP3 (sauti iliyobanwa) ya kbps 128, ndo kipimo cha ubora wake, ni karibu MB 1. Yani wimbo uleule ni MB 40 au MB 4, na kwa masikio ya kawaida kwenye spika ya simu hutasikia tofauti.

Hatua ya 3: ingiza muziki
Ndani ya PowerPoint simama slaidi ya kwanza, nenda Insert, Audio, Audio on My PC, chagua wimbo. Kitatokea kialama cha spika, kibonyeze, nenda Playback alafu Play in Background. Hapo muziki utaanza wenyewe, utapita slaidi zote, ukiisha unarudia, na ile spika haionekani wakati wa kuonyesha.

Sa ugonjwa wenyewe uko hapa. PowerPoint ya 2007 na zilizotangulia MP3 haiingii ndani ya faili, inawekwa anwani tu kwamba wimbo upo mahali fulani kwenye kompyuta yako, ukituma faili peke yake wimbo umebaki nyumbani. Kuanzia 2010 unaingia ndani wenyewe. Jinsi ya kuhakikisha ni rahisi, angalia uzito wa faili kabla na baada ya kuweka wimbo, kama wimbo una MB 4 na faili halijaongezeka basi haumo.

Hatua ya 4: zijiendeshe zenyewe
Transitions, toa tiki On Mouse Click, weka After 00:04, bonyeza Apply To All.

Hatua ya 5: punguza uzito
Picha moja ya simu za siku hizi inafika MB 3 mpaka 5, zidisha mara 60 uone. Kwanza save kopi kwa jina lingine maana ukishapunguza ubora haurudi. Alafu bonyeza picha yoyote, Picture Format, Compress Pictures, toa tiki Apply only to this picture, chagua E-mail ya ppi 96, yani pikseli 96 kwa kila inchi. Slaidi pana ina inchi 13.33, kwaiyo unabaki na upana wa pikseli kama 1280, kwa simu na laptopu inatosha.

Hatua ya 6: jua anayepokea anafungulia wapi
Mwenye kompyuta yenye PowerPoint mtumie faili la aina ya PPSX (PowerPoint Show), akibonyeza tu linaanza kucheza. Wa simu, na wazee wetu wengi ni simu tu, mfanyie video, File, Export, Create a Video, chagua 720p, itoke MP4. Mimi siku hizi kwa familia natuma video moja kwa moja, simu karibu zote zinaicheza bila kuuliza programu.

Hatua ya 7: tuma
Gmail mwisho ni MB 25, ila usijaze mpaka hapo. Faili likiambatishwa linageuzwa herufi na linanenepa kama theluthi moja, ukiwa na MB 18 ushafika ukingoni. Likizidi, Gmail inalipeleka Drive (hifadhi ya Google ya mtandaoni) na kutuma linki, hapo hakikisha umeweka Anyone with the link na Viewer, vinginevyo shangazi wa watu ataishia kuombwa aombe ruhusa.

Hatua ya 8: jaribu kwa mashine nyingine
Usijaribu kwenye kompyuta uliyotengenezea, hapo wimbo upo kwaiyo utacheza tu hata kama haumo kwenye faili. Jitumie mwenyewe, daunlodi kwenye simu ya mtu mwingine, sikiliza mpaka slaidi ya mwisho, ndo utume.

Na kwenye imeili andika maelezo, maana PowerPoint ukiichungulia humo humo bila kudaunlodi unaona picha zimetulia tu. Mimi naandika hivi: "Shikamoo mama mdogo, ni dakika 4, daunlodi kwanza, ongeza sauti, alafu waite watoto."