Ukitaka kuishi kwa ubeki Championship na First League, soma hii kwanza

Hii nawaandikia mabeki wa ligi za chini hapa Tanzania, na nina maana mabeki tu, mastraika wana watu wengi wa kuwasemea. We dogo uliyeko ligi ya mkoa unatafuta njia ya kutoka, we uliyeshafika First League na hujui kesho yako, na we bro uliyeko Championship msimu wa tatu sasa na unajiuliza kama hii ni kazi au ni kupoteza muda. Ni kazi. Ila ina namna yake ya kuifanya, na wengi hatuambiwi mapema.

Kwanza ujue ngazi zenyewe. Ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, bingwa wa mkoa anaenda kwenye Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, pale unapanda First League, kisha Championship (wakubwa bado wanaiita Daraja la Kwanza, jina lilibadilika 2021), kisha Ligi Kuu. Championship ni timu 16, mechi 30, wawili wa juu wanapanda moja kwa moja, wa tatu na wa nne wanaingia mtoano. Sasa angalia maana yake kwako beki: timu inayotaka kupanda haihitaji kufunga goli tano kila wiki, inahitaji kutofungwa ugenini Songea na kutofungwa ugenini Kigoma, na mwalimu mwenye akili anapoanza kusajili anaanza na kipa na mabeki wawili wa kati. Ndo maana soko lako lipo hata kama hakuna anayekuimba jukwaani. Na jambo jingine, beki anachelewa kukomaa ila anadumu, straika akifika 29 akapunguza spidi wanaanza kumchoka, wewe 29 ndo kwanza unausoma mchezo. Kwa hiyo panga maisha yako kwa miaka kumi, sio kwa msimu mmoja.

Tuanze na uwanjani. Viwanja vyetu vya ligi za chini unavijua, vingi ni vigumu, vina vipara, kiangazi vinakuwa kama barabara ya vumbi na masika ni matope. Mpira mwingi unapigwa mrefu. Kosa namba moja la beki kijana ni kuusubiri mpira mrefu udunde, kwenye nyasi nzuri unaweza kupona, kwenye uwanja mgumu ukidunda mara moja unapita juu ya kichwa chako na straika anageuka anabaki na kipa. Kwa hiyo amua mapema, wakati mguu wa anayepiga unarudi nyuma we tayari umeshashuka hatua mbili tatu, mwili umekaa upande sio kifua mbele, halafu unaukuta mpira ukiwa bado hewani. Ukiona huwezi kuufikia hewani basi achana nao, shuka zaidi, mwache straika aupokee akiwa ameligeuzia mgongo goli lako, hapo huna haraka, unambana tu mpaka wenzako warudi. Usilale chini hovyo. Beki anayelala kila mara anaonekana shujaa kwa mashabiki lakini skauti, yule mtafuta wachezaji wa klabu, anaandika kwamba huyu anachelewa kusoma mchezo.

Mwenzako akiruka kichwa, we unafanya nini? Wengi wanatazama. Mpira wa kwanza una mtu mmoja, wa pili, ule unaodondoka baada ya kichwa, ndo unaofunga magoli huku kwetu, kwa hiyo beki wa kati namba 4 akipanda mwenzake namba 5 anashuka nyuma yake mita tano sita hivi kiupande, kiungo mkabaji namba 6 anakaa mbele yao, na beki wa pembeni wa upande wa pili anaingia ndani, haendi kukaa kwenye chaki na winga ambaye mpira uko mbali naye. Na mseme jamani! "Mtu nyuma", "wangu", "tokeni", maneno matatu tu ila yasemwe kwa sauti dakika zote 90. Walimu wanapenda beki anayeongea kuliko beki mwenye chenga, na kwenye majaribio ambako hakuna anayekujua jina hiyo sauti ndo inayokutambulisha.

Mtego wa kuotea tumia kwa tahadhari kubwa. Huku hakuna VAR ya kurudia video, mshika kibendera akichelewa mita moja imekula kwako, na ile tabia ya kunyoosha mkono huku umesimama imeua timu nyingi sana, cheza mpaka filimbi ilie. Sheria nazo uzijue, usitegemee mwalimu akukumbushe. Tangu 2016, ukimnyima mtu nafasi ya wazi ya goli ndani ya boksi kwa faulo uliyoifanya ukijaribu kuucheza mpira ni penati na kadi ya njano, lakini ukimvuta jezi au kumsukuma ni penati na nyekundu. Maana yake ukizidiwa ndani ya boksi mikono iwe mbali kabisa. Na tangu 2019 goli kiki unaweza kuipokea ndani ya boksi, sawa, wote tunawaona Ulaya wanafanya, ila kabla ya mechi kagua uwanja upande ule mtakaocheza, kama mpira unarukaruka kwenye majaribio yako mawili matatu mwambie kipa apige mbele, hakuna aibu.

Nafasi nayo. Kuwa bingwa wa nafasi moja ila uwe na ya pili ya kuaminika. Mtazame Erasto Nyoni, huyu kacheza beki wa kulia, wa kushoto, wa kati na kiungo mkabaji, na hiyo ilimweka Taifa Stars miaka mingi mpaka AFCON 2019 kule Misri. Kwenye timu yenye wachezaji wachache na majeruhi wengi, anayeweza kuziba mashimo mawili hakai benchi.

Mwili. Hapa sitazunguka sana, safari zetu ni za basi, Mtwara mpaka Bukoba we piga hesabu mwenyewe, unashuka miguu imevimba na kesho yake mechi saa kumi jioni. Simama kila basi likisimama, kunywa maji, na ukifika tembea hata nusu saa kabla ya kulala. Jifunze ile programu ya kupasha misuli ya FIFA 11+, haihitaji jimu wala vifaa, inachukua kama dakika 20, na kuna zoezi moja ndani yake la misuli ya nyuma ya paja ambapo unapiga magoti mwenzako anakushika vifundo vya miguu halafu unashuka mbele polepoleee mpaka kifua kiguse chini, hilo lifanye msimu mzima hata kama timu nzima haifanyi, maana misuli ya nyuma ya paja ndo inayowatoa mabeki wengi mchezoni. Njumu za uwanja mgumu ziwe fupi na nyingi, zile ndefu za chuma acha kwa ajili ya matope. Ukigongwa kichwa ukaona kizunguzungu, TOKA, usisikilize maneno ya "komaa mwanangu".

Na ndondo, zile mechi za mitaani za kulipwa. Najua hela ya ndondo inakuja mkononi siku hiyohiyo na mshahara wa klabu unachelewa, sitamhukumu mtu mwenye njaa. Lakini mikataba mingi inakataza, na ukivunjika kule hakuna wa kukutibu, klabu itasema haikukutuma. Kama lazima ucheze basi omba ruhusa kwa maandishi, hata meseji ya katibu inatosha kuliko maneno matupu.

Sasa mkataba, na hapa naomba usome taratibu maana ndo mabeki wengi tunapoumia kuliko hata kwenye goti. Nimeshashika mkataba wa dogo mmoja, kurasa nne, mhuri upo, saini zipo, kwenye mshahara pameandikwa "kama pande mbili zitakavyokubaliana". Basi. Dogo alikuwa ameahidiwa hela nzuri tu kwa mdomo, ilipofika mwezi wa tatu hana kitu na hana cha kuonyesha popote. Kwa hiyo kabla ya kusaini hakikisha karatasi inasema: mshahara ni kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi, pesa ya usajili ni kiasi gani na kama inalipwa kwa awamu basi tarehe za awamu ziandikwe, nani anagharamia matibabu ukiumia kazini na mpaka lini, malazi yakoje, na kama timu ikipanda au ikishuka mshahara unabadilika vipi. Bonasi ya kupanda daraja ndo wanayoisahau makusudi, idai iandikwe. Posho za kambi na mechi sio mshahara, usikubali mtu akuchanganyie.

Sheria za FIFA ziko upande wako kuliko unavyodhani. Mkataba usizidi miaka mitano, na ukiwa chini ya miaka 18 usizidi mitatu. Hauwezi kuwekewa sharti kwamba utaanza kufanya kazi ukifaulu vipimo vya afya, vipimo vinafanyika kabla ya kusaini. Miezi sita ya mwisho uko huru kuongea na timu nyingine. Na kubwa zaidi, klabu ikikunyima mishahara ya miezi miwili kinyume cha mkataba, unaiandikia barua ukiwapa angalau siku 15 walipe, wasipolipa una sababu halali ya kuvunja mkataba. Sio unafungasha begi usiku unarudi kwenu! Ukiondoka bila barua we ndo unakuwa mkosaji. Barua ipelekwe, nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa au itumwe kwa imeili ibaki ushahidi, halafu kesi inakwenda Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho letu la soka. Chama cha wachezaji, SPUTANZA, kipo, watafute wakushauri. Ukilipwa mkononi na kusainishwa vocha, piga picha vocha. Usisaini karatasi tupu hata kama anayekuletea ni mjomba wako, na usisaini timu mbili kwa wakati mmoja, hilo linafungia watu.

Timu za majeshi na taasisi nazo zifikirie vizuri, usizidharau kwa sababu hazina kelele. JKT, Polisi, Magereza, timu za halmashauri, kule kuna wachezaji wanaopata ajira kabisa, na siku goti likigoma unabaki na kazi. Tena hazikufungii njia, Ibrahim Bacca alitoka KMKM, timu ya kikosi cha kuzuia magendo Zanzibar, akaja Yanga Januari 2022 na leo ni beki wa Taifa Stars. Kama unaniuliza mimi, kati ya mkataba wa mwaka mmoja wenye hela tamu kwenye klabu ya mfadhili mmoja na nafasi yenye ajira kwenye timu ya taasisi, kwa beki mwenye familia ningemwambia achukue ya pili bila kufikiria sana, wafadhili wanaondoka na timu inakufa katikati ya msimu tumeona.

Kuonekana. Straika anatuma video ya magoli ya dakika mbili inatosha, wewe beki haitoshi, tafuta mechi nzima mbili au tatu, moja iwe ya ugenini mliyobanwa, maana skauti anataka kuona unakaa wapi wakati mpira hauko kwako. Mkipangwa na Simba, Yanga au Azam kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini, wiki hiyo lala mapema, mechi hiyo moja inatazamwa na watu wengi kuliko msimu wako mzima. Anayejiita meneja muulize leseni, kanuni za FIFA za 2023 zinataka wakala awe na leseni na majina unaweza kuyatafuta kwenye tovuti yao. Anayekuomba hela ya viza na "majaribio Dubai" kabla hujaona barua ya mwaliko ya klabu unayoweza kuipigia mwenyewe, mwache aende. Uhamisho wa nje kwa mchezaji wa kulipwa unapita kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho kwa kompyuta, na chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa sababu chache sana.

Hela ikipatikana, uliza habari za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mchango kwa ujumla ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri anabeba sehemu yake, klabu nyingi zinakaa kimya mpaka mchezaji aulize. Likizo za msimu tumia kusoma kitu, hata kozi ya ukocha ya CAF D, mabeki waliozoea kupanga timu wakiwa nyuma huwa wanaelewa kufundisha haraka.

La mwisho ni rekodi zako. Klabu zilizokulea toka miaka 12 zina haki ya fidia ya malezi, na ukiuzwa ukiwa kwenye mkataba asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu ulizochezea kati ya miaka 12 na 23, kwa hiyo ile timu ya mtaani kwenu ikisajiliwa vizuri na we ukasajiliwa humo inaweza kuja kununua jezi kwa ajili yako. Tarehe ya kuzaliwa iwe moja tu kwenye cheti, NIDA, pasipoti na usajili wa TFF, usikubali kupunguziwa umri ili ucheze vijana, dili za nje zinafia hapo. Kila dirisha likifunguliwa mwombe katibu akuonyeshe usajili wako kwenye mfumo, ukiona jina lina herufi moja tofauti na cheti lirekebishwe siku hiyohiyo, maana dirisha likifungwa na kosa limo utakaa jukwaani mpaka dirisha linalofuata.