Mabuu wa zulia: kabla hujachoma godoro, inua ngozi

Nasafisha mazulia na makochi hapa Arusha. Simu nyingi huanza hivi: "Fundi, njoo, nina kunguni." Juzi, mtaa wa Sakina, mama mmoja alishatoa godoro nje, kiberiti mkononi, maana mtoto alikuwa na vipele vinavyowasha. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mama." Nikageuza ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa kando ya kitanda. Manyoya yalikuwa yameliwa viraka viraka, na upande wa chini maganda makavu ya kahawia yamejaa kama pumba.

Hatua ya 1: mtambue. Ni buu wa mbawakawa mdogo. Urefu wake ni kama nusu sentimita, ana milia na vinyweleo kama brashi. Hang'ati wala hanyonyi damu. Vinyweleo vyake ndivyo vinavyowasha. Kunguni huacha madoa ya damu na vidoa vyeusi kwenye shuka. Huyu huacha maganda anayojivua akikua.

Hatua ya 2: tafuta anachokula. Hapa usiwe na haraka, kazi yote iko hapa. Anakula vitu vya mnyama: sufu, manyoya, nywele, hariri, hata mende waliokufa nyuma ya kabati. Shuka za Kimaasai za akriliki au pamba hazigusi, labda ziwe na jasho au mafuta. Kagua masweta ya sufu yaliyokunjwa tangu baridi ya Julai, na zulia pale kochi zito lilipokalia. Panda darini pia: kiota cha ndege ni ghala lao, kitoe. Mbawakawa aliyekomaa hula chavua ya maua, ndiyo maana utamkuta dirishani akitafuta kutoka nje.

Hatua ya 3: pitisha mashine ya kuvuta vumbi polepole, hasa kwenye kingo na nyufa. Takataka zitoke nje siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: waue. Nguo zinazostahimili maji ya moto, fua kwa nyuzi 60. Sufu itasinyaa, kwa hiyo ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke kwenye friza ya nyuzi -18 kwa wiki 2. Ngozi ikung'utwe nje na kupigwa brashi pande zote mbili. Tafadhali usimwage dawa ya mbu kwenye zulia. Watoto wanatambaa hapo, na mabuu wako chini yake.

Hatua ya 5: rudia kukagua na kuvuta vumbi kila wiki, kwa sababu buu huweza kuishi miezi mingi kabla ya kukomaa. Maganda ya zamani yaondoe yote siku ya kwanza, ili ukiona ganda tena ujue ni jipya.