Jinsi ya kutambua hadtopu halisi kwa nguzo, jina na kibati

Ndugu yangu mmoja alitaka kununua Chevrolet Bel Air ya 1957. Muuzaji aliitangaza kuwa hadtopu, yaani gari la paa gumu lisilo na nguzo katikati ya vioo vya pembeni, kwa sababu tu ilikuwa na jina la Bel Air. Ilikuwa sedani, yenye nguzo hiyo. Kabla hujatoa hela, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Shusha vioo vyote vya pembeni. Ukiona nguzo imesimama katikati mpaka kwenye paa, hiyo si hadtopu. Muuzaji akikutumia picha ya vioo vilivyopandishwa, mdai nyingine.

Hatua ya 2: Soma jina pamoja na mwaka. Hapa ndipo wengi wanapoliwa, kwa hiyo twende taratibu. Mwaka 1949 General Motors walitoa hadtopu za Buick Riviera, Cadillac Coupe de Ville na Oldsmobile Holiday. Mwaka 1950 zikaja Bel Air na Pontiac Catalina, na 1951 Ford Victoria na Plymouth Belvedere. Wakati huo Bel Air ilikuwa hadtopu tu. Kuanzia 1953 ikawa daraja la juu la Chevrolet, sedani zikiwemo. Humo hadtopu ya milango miwili ndiyo Sport Coupe, na ya milango minne, iliyoanza 1956, ni Sport Sedan. Belvedere ilibadilika hivyo hivyo 1954, Catalina 1959. Riviera inasumbua kuliko zote: kati ya 1950 na 1953 Buick walilitumia jina hilo pia kwa sedani ndefu yenye nguzo, na 1963 likawa modeli inayojitegemea. Crown Victoria ya 1955 na 1956 nayo ina nguzo, chini ya ule mkanda wa kromu unaovuka paa. Hadtopu ni Victoria isiyo na Crown.

Hatua ya 3: Fungua boneti, usome kibati chenye namba ya aina ya bodi, kilicho ukutani nyuma ya injini. Kwa Bel Air ya 1957, 1037D ni hadtopu ya milango miwili na 1039D ya milango minne; 1011D na 1019D ni sedani. Kisafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, msasa usiuguse kabisa. Kibati kikipingana na nguzo, amini nguzo, kwa maana kibati huhamishika.

Hatua ya 4: Linganisha na katalogi ya mauzo ya mwaka huohuo. Mimi naiamini kuliko tangazo lolote la muuzaji. Ila ukifika 1973 rudi hatua ya 1, maana General Motors wenyewe waliziita Colonnade Hardtop gari zenye nguzo.