Kabla ya kuzungusha kitu kwenye picha, kagua haya

Hifadhi nakala ya faili. Hilo halina mjadala.

Weka mwonekano kwenye asilimia 100. Ukiitazama picha kwa asilimia 33 au 67, programu inaibana ili ienee kwenye kioo, na kingo zinaonyesha vijino ambavyo kwenye faili havimo. Usitibu ugonjwa usiokuwepo.

Amua mapema nyuzi ngapi. Nyuzi 90, 180 na 270 hazidhuru, kwa kuwa kila pikseli inahamia kwenye nafasi kamili. Pembe nyingine yoyote, hata uzi mmoja, inailazimu programu kukisia rangi kutokana na pikseli jirani, na kila ikikisia ukungu unaongezeka. Kwa hiyo usizungushe 5, ukaongeza 3, kisha ukarudisha 1. Tendua yote, zungusha 7 kwa mkupuo mmoja. Kwenye Photoshop, igeuze leya (tabaka la picha) iwe Smart Object, yaani kifurushi kinachotunza picha asili, kwanza ili kila zungusho lihesabiwe kutoka kwenye picha ya mwanzo. Kwenye GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, kagua Interpolation, yaani njia ya kukisia rangi: None ni ya michoro ya pikseli tu, picha za kamera zipe Cubic au NoHalo. Vijino vikikataa kuondoka, huenda faili iko kwenye hali ya Indexed, yaani ya orodha ya rangi chache, kama GIF zilivyo. Ibadili iwe RGB, yaani ya rangi kamili, ndipo uzungushe.

Kona za picha zikikatwa, tatizo ni nafasi. Mraba wa pikseli 1000 ukilazwa nyuzi 45 unadai takriban 1414 kila upande. Panua turubai, yaani eneo la kazi la picha, mapema.

Angalia pia umeshika nini. Kwenye Inkscape, programu ya michoro, ukikibofya kitu mara ya pili, mishale ya kwenye kona inazungusha, ila ile ya katikati ya pande inakiinamisha kitu upande. Wengi huivuta hiyo halafu wakakilaumu chombo.

Sasa lile linalokula nusu siku ya kazi. Mraba unauzungusha nyuzi 45 na unatoka umebonyea, kona zake si nyuzi 90 tena. Au kibaya zaidi, yai lililolala unalizungusha nyuzi 90 na linabaki limelala vilevile. Hapo chombo hakina kosa. Kuna mvuto wa upande mmoja uliojificha juu ya kitu hicho, mara nyingi kwenye kundi lililokibeba (vitu vilivyofungwa pamoja): mtu alilipanua kundi asilimia 200 kwa upana, urefu akauacha 100, akasahau. Programu inayotunza mzunguko na ukubwa kama namba tofauti hukizungusha kitu kwanza, ndipo mvuto wa kundi unapita juu yake. Mraba wa 100 kwa 100 uliosimama kwenye kona yake unavutwa upana tu, na kona zake zinakuwa nyuzi 53 na 127 hivi. Lile yai nalo kwa asili ni mduara, na mduara hata uuzungushe vipi ni uleule, kisha unavutwa tena palepale.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua mstatili unaoonekana 200 kwa 50, uzungushe nyuzi 90. Ukipata 50 kwa 200, uko salama. Ukipata 100 kwa 100, mvuto uko kwenye kundi. Rudisha kundi liwe na asilimia sawa pande zote mbili, na kama upana unautaka, uweke kwenye kitu chenyewe. Anayeandika SVG (michoro ya msimbo) kwa mkono ajue kwamba agizo la kulia ndilo hutangulia, kwa hiyo scale(2 1) rotate(45) inapinda, wakati rotate(45) scale(2 1) haipindi. Mpangilio ndio kila kitu.

Fremu za video za zamani zina ugonjwa wa ukoo huohuo, maana pikseli zake si za mraba. Kwenye Photoshop pitia View, Pixel Aspect Ratio, uone kama ni Square.

Kitu kikiruka kando badala ya kuzunguka papo hapo, sogeza kitovu cha mzunguko, au kata uwazi uliobaki pembeni mwa leya. Kona zikijaa rangi badala ya kuwa wazi, leya haina chaneli ya alfa, ile inayotunza uwazi. Na usihifadhi JPEG kila hatua, inakula ubora hata usipozungusha kitu. Tena usiunganishe leya zote kuwa moja hadi mteja akubali, na hata akikubali, ile nakala usiifute bado.